Bujumbura na Ardhi Yake

Kambi ya kijeshi iliyowekwa na Wajerumani kandokando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1897 ndiyo iliyozaa mji wa Bujumbura. Wakati huo nafasi ilikuwa tele. Leo mji umebanwa baina ya ziwa na milima, na barabara ziendazo Rwanda, Tanzania na Kongo zote hukutana humo.

Mito ya Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kutoka milimani na kukatiza mitaa hadi ziwani. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014, maji ya milimani yalifagia makazi ya kaskazini, makumi ya watu wakafa. Mji ulipatwa na msiba, hali miteremko ilikoanzia ilikuwa chini ya mkoa mwingine.

Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilifanywa 5. Mji, Bubanza, Cibitoke na vilima vya Bujumbura vijijini vikawa mkoa mmoja. Basi ramani moja yaweza kuonyesha miti ibaki wapi, barabara ipite wapi, na nyumba zikome wapi.

Lakini ramani haijilindi. Kila kibanda katika hifadhi ya barabara huchelewesha gari la wagonjwa na la zimamoto. Wanajeshi na polisi, ambao huitwa kuokoa watu maji yanapofika, wana kila sababu ya kutaka mipaka hiyo iheshimiwe. Na sheria ya viwanja haiulizi cheo wala sare.