Jino Nalo ni Dharura

Msikilizaji, katika mapokezi ya hospitali zetu mgonjwa wa jino huwekwa nyuma. Yupo aliyevunjika mguu, yupo mtoto mwenye degedege. Aliyeshika shavu ataambiwa asubiri, au arudi Jumatatu kliniki ya meno itakapofunguliwa. Mara nyingi ni haki, maana jino linalouma tu linaweza kusubiri. Lakini wapo wawili wasiopaswa kusubiri: mmoja atapoteza jino, mwingine atapoteza uhai.

Wa kwanza ni aliyeng'oka jino kwa ajali. Kaanguka na bodaboda, au mtoto kagongana na mwenzake uwanjani. Kwanza hakikisha anapumua vizuri na damu inadhibitiwa. Kisha tafuta jino. Jino la ukubwani likitoka zima na mzizi wake linaweza kurudishwa likashika tena, kwa kuwa mzizi una nyuzi laini zenye uhai zinazolishikilia kwenye mfupa. Nyuzi hizo zikikauka zinakufa. Jino likikaa pakavu saa nzima, nyingi zimekwisha. Lishike upande unaoonekana mtu akicheka, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kidogo tu bila kulisugua, ulirudishe kwenye tundu lake, na mgonjwa ang'ate kitambaa safi huku safari ya hospitali ikianza. Ukishindwa, litie kwenye maziwa. Nasema maziwa mabichi au ya pakiti, si mtindi. Pasipo maziwa, ateme mate kikombeni, jino lizame humo. Wengi wetu hulifunga kwenye leso na kulitia mfukoni, na hapo ndipo linapofia. Jino la utoto halirudishwi, lisije likaumiza linaloota nyuma yake.

Na jino lisipoonekana, tusiseme limebaki barabarani. Aliyezimia huenda amelivuta likaingia mapafuni, na picha ya kifua ndiyo itakayosema.

Wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi. Gego la chini limeoza miezi mingi. Alimeza panado, akanunua vidonge vichache vya amoksilini dukani, maumivu yakapungua, akashukuru. Kumbe wakati mwingine maumivu hupungua kwa sababu usaha umetoboa mfupa na kutoka. Mizizi ya magego ya nyuma hufika chini ya msuli unaobeba ulimi, hivyo usaha hushuka, ukaenea pande zote mbili chini ya kidevu, ukausukuma ulimi juu na nyuma hadi njia ya hewa ikaziba. Wilhelm Friedrich von Ludwig, daktari wa Stuttgart nchini Ujerumani, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1836, na bado unabeba jina lake. Kabla ya antibiotiki kupatikana, zaidi ya nusu ya walioupata walikufa. Hata leo kinachoua haraka ni kukosa hewa.

Mtamjua. Chini ya taya pamevimba na kukaza kama ubao. Mdomo haufunguki, udenda unamtoka kwa kushindwa kumeza, sauti imebadilika, anakaa ameinama mbele kwa sababu akilala anakabwa. Basi msimlaze! Mpimeni na sukari, maana kisukari huupa ugonjwa huu nguvu.

Ipo kauli inayorudiwa sana: meza dawa kwanza, uvimbe ushuke, ndipo tung'oe. Inawagharimu watu. Dawa peke yake haiondoi usaha uliojikusanya wala jino lililouleta. Mgonjwa huyu njia yake ya hewa ilindwe na mtaalamu mzoefu kuliko wote waliopo, apewe antibiotiki kwa mshipa, usaha utolewe na jino ling'olewe, bila kungoja uso urudi kuwa mwembamba.

Tangu mwaka 2010, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipofungua idara yake ya dharura, tiba ya dharura imepiga hatua kubwa Tanzania. Naomba kinywa kipate nafasi yake humo, na maarifa haya yafike mpaka zahanati. Ndugu zangu matabibu wa huko, ambako chumba cha upasuaji hakuna, mpeni dozi ya kwanza ya antibiotiki, mpelekeni saa hiyo hiyo akiwa amekaa, na mpigieni simu daktari wa hospitali ya rufaa ajiandae kabla gari halijafika.