Mwalimu, Utakaa Nasi?

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–11

 

Katika nyumba nyingi za Wakristo wa Migori na Homa Bay yuko kijana aliyemaliza chuo cha ualimu na ambaye bado anangoja kuajiriwa. Wengine wao hawakai bure. Hujitolea kufundisha mahali ambapo walimu hawatoshi, na mara nyingi mahali hapo ni kisiwani. Kanisa huwaombea Jumapili moja, likawapungia mkono, kisha likarudi katika shughuli zake. Leo nataka tuzitafakari siku za kwanza za mwalimu wa namna hiyo, kwa maana ndizo siku ambazo wengi hukata tamaa.

Namjua binti mmoja, mzaliwa wa Migori, mahali penye mahindi na miwa. Alikua akiteka maji kisimani, na hakujua kuogelea. Alijitolea kwenda kufundisha katika shule moja kisiwani Mfangano. Akapanda gari mpaka Homa Bay, kisha Mbita, na hapo akaingia ndani ya boti. Asubuhi ziwa Victoria hutulia, lakini yeye alichelewa, akasafiri wakati upepo wa alasiri umekwisha kuamka. Safari ilizidi saa moja. Alishuka amelowa mpaka vitabu.

Usiku ule aliona taa nyingi ng'ambo ya maji, akadhani ni mji. Wenyeji wakamwambia, "Mwalimu, huo si mji. Hao ni wavuvi wa omena." Usiku usio na mwezi wavuvi huwasha taa juu ya maji ili omena wakusanyike. Asubuhi alipoingia darasani aliwakuta watoto wamechoka, na wengine hawakufika kabisa, kwa kuwa walikuwa ufuoni wakiwasaidia mama zao kuanika samaki. Alipewa madarasa mawili yaliyokaa chumba kimoja. Somo alilokuwa ameliandaa kwa bidii halikusikilizwa.

Lakini siku ya nne mtoto mmoja aliuliza swali ambalo lilimwumiza kuliko mambo hayo yote. Akasema, "Mwalimu, utakaa nasi?" Wenzake wakanyamaza wasikie jibu. Walikuwa wamekwisha kuwaona walimu wa kujitolea wakija na wakiondoka, na walikuwa wamejifunza kutowazoea upesi. Binti yule hakujibu. Siku ya tisa alianza kufunga sanduku lake.

Ndugu zangu, tumwache kidogo binti huyu na sanduku lake, tufungue Matendo ya Mitume.

Mtume Paulo naye alifika kisiwani akiwa amelowa. Merikebu ilivunjika, na watu 276 waliokuwamo wakaokoka, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya vipande vya mbao. Wakafika kisiwa cha Melita, ambacho leo twakiita Malta. Luka atueleza kwamba wenyeji waliwatendea wema usio wa kawaida, wakawasha moto na kuwapokea wote, kwa sababu ya mvua na baridi. Katika Kiyunani, Luka awaita wenyeji hao kwa neno ambalo Wayunani walimwita kila mtu asiyesema lugha yao. Watu wasiojua Kiyunani, wasiojua Torati, wasiomjua Kristo, ndio waliokuwa wa kwanza kutenda neno jema. Mtume hakuleta moto Melita. Alikuta watu wamekwisha kuuwasha.

Naye Paulo alifanya nini? Yeye aliyeandika nyaraka, aliyehojiana na wenye hekima wa Athene, alikwenda kuokota kuni. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kisiwani iliyoandikwa. Luka hataji hotuba yo yote ya siku ile. Ataja mzigo wa kuni tu.

Kisha nyoka akamwuma mkono. Wenyeji wakasema, mtu huyu bila shaka ni mwuaji. Walipoona hakuvimba wala hakufa, wakageuka wakasema, huyu ni mungu. Angalieni, wapendwa. Kwa siku moja Paulo aliitwa mwuaji, tena akaitwa mungu, wala hakuwa mmojawapo. Hivyo ndivyo zilivyo hukumu za siku za kwanza. Mwalimu mgeni husifiwa kupita kiasi au hudharauliwa kupita kiasi. Naye mgeni huwatazama watu akasema, hawa ni malaika, au akasema, hawa hawafundishiki. Yote mawili ni maneno ya watu wasiojuana. Mwalimu mpya, usijenge juu ya sifa za juma la kwanza, wala usiondoke kwa sababu ya maumivu ya juma la kwanza.

Ni baada ya hayo ndipo Publio, mkuu wa kisiwa, anawakaribisha kwake siku tatu. Na Paulo anaingia kwa baba yake Publio, aliyekuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu, anaomba, anaweka mikono, mzee anapona. Kisha wagonjwa wengine wanakuja. Na walikaa miezi mitatu. Mpango huo una maana. Paulo alipokewa, akaokota kuni, akavumilia kuhukumiwa, akaingia nyumbani mwa mtu. Huduma kubwa ilifuata.

Pengine utasema, hayo ni ya mitume. Basi tutazame nchi zetu. Mwezi wa Desemba 1893, mmisionari George Pilkington alikwenda kisiwani Kome, katika ziwa hili hili letu upande wa Uganda, ajitenge na kuomba. Aliporudi Mengo, Mungu alileta uamsho, na Wakristo wengi wa Kiganda wakajitoa kwenda kufundisha, wengine bara, wengine visiwani. Katika miaka hiyo alitokea Apolo Kivebulaya, aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwenda Boga, ambayo leo imo katika nchi ya Kongo. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wameondoka, kwa sababu mtawala wa huko, Tabaro, aliwapinga na watu wakawanyima chakula. Apolo alishika jembe akalima chakula chake mwenyewe. Alipigwa, akafungwa. Lakini baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa. Ijapokuwa Apolo alitumika miaka mingi huko Toro, alirudi Boga, na huko alifariki mwaka 1933. Jembe la Apolo na kuni za Paulo ni habari moja.

Liko jambo lingine ambalo kanisa linapaswa kulitafakari. Wasuba wa Mfangano na Rusinga husimulia kwamba babu zao walivuka ziwa kwa mitumbwi kutoka upande wa Uganda. Hao nao walifika wakiwa wageni. Walikuwa na lugha yao, Kisuba. Lakini injili na elimu ziliwafikia kwa Dholuo. Agano Jipya la Dholuo lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953, na kwa neno hilo wengi waliokoka, twamshukuru Mungu. Hata hivyo, mtoto alipoingia shuleni na kanisani, lugha ya nyanya yake ilibaki nje. Baada ya vizazi vichache, wanaosema Kisuba wakawa wachache, hata ilipofika miaka ya 1990 watu walianza juhudi za kukifundisha katika baadhi ya shule za msingi. Sisemi haya ili kuwalaumu walimu wa zamani; nao walifanya kazi ya jasho. Nasema ili tujue kwamba mwalimu anayefundisha bila kusikiliza aweza kuzima taa moja huku akiwasha nyingine.

Sasa turudi kwa binti yetu. Jioni ile ya siku ya tisa nyanya mmoja jirani aliingia amechukua sahani ya omena. Aliona sanduku, asiulize neno. Akasema, "Mwanangu, lete sufuria." Akamwonyesha namna ya kuwaosha kwa maji ya moto ili mchanga utoke, na namna ya kuwakausha motoni kabla ya kutia nyanya na vitunguu. Wakala pamoja. Alipokuwa akitoka alisema, "Kesho utapika wewe, nami nitakuja kula."

Ndugu msikilizaji, mtu hawezi kuondoka alfajiri hali amekwisha kumwalika mgeni wa jioni. Binti alifungua sanduku. Kesho yake alimwomba nyanya yule amfundishe kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kisuba, na hesabu hizo akaenda nazo darasani. Watoto walicheka jinsi anavyotamka, wakamsahihisha, na siku hiyo kwa mara ya kwanza darasa lote lilifungua kinywa. Muhula ule aliumaliza. Sasa yuko katika muhula wa tatu.

Ninayo maneno matatu ya kufunga.

Kwako wewe uliye katika siku zako za kwanza, kisiwani au mahali po pote pageni: usiulize, "Nimefundisha nini leo?" Uliza, "Leo nimepokea nini, na kwa nani?" Chemsha maji, jihadhari na kichocho, jifunze salamu za wazee, okota kuni. Siku ya kufundisha yaja.

Kwenu ninyi wenyeji wa visiwa: msidhani kwamba kazi ya Mungu ni ya yule anayeshuka kwenye boti peke yake. Moto wa wale watu wa Melita umeandikwa katika Maandiko Matakatifu. Sahani ya omena nayo Mungu aiona.

Na kwetu sisi makanisa ya bara: kumwombea mjumbe Jumapili moja hakutoshi. Kijana anayejitolea hana mshahara. Ananunua sabuni kwa nini? Nauli ya kurudi likizo ataitoa wapi? Mtaa unaoweza kununua viti vya plastiki waweza pia kutuma unga, taa ya jua na nauli. Yule mtoto aliyeuliza, "Mwalimu, utakaa nasi?" alimwuliza mwalimu, lakini jibu kwa sehemu liko mikononi mwetu. Mwalimu akirudi kwa njaa, sisi ndio tuliomrudisha.

Tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyekuja kwetu, ukapokewa na Mariamu katika unyonge wa mtoto mchanga, ukakaa miaka mingi Nazareti kabla ya kufundisha. Watie nguvu watumishi wako walio katika siku zao za kwanza. Wape jirani mwenye moto. Utupe sisi mikono isiyofungika. Na watoto wa visiwani wakiuliza swali lao, wasikie jibu jema. Kwa jina lako takatifu. Amina.