Sikukuu ya Watoto Ndani ya Mchezo wa Mtandaoni

Ndugu wazazi na walezi wa Mbagala, Chamazi, Tegeta na Bunju,

Likizo ya Juni hutukutanisha na Siku ya Mtoto wa Afrika, tarehe 16. Watoto wetu wana haki ya kufurahi, na wengine hufurahia michezo ya mtandaoni ambamo mchezaji huvaa uhusika.

Michezo hiyo nayo ina sikukuu zake. Katika World of Warcraft, kila mwaka mwezi Mei hufanyika Wiki ya Watoto: mchezaji humchukua mtoto yatima wa mchezoni, humtembeza mahali pa ajabu, na mwishowe huzawadiwa mnyama mdogo wa kufuatana naye. Zawadi hiyo hupatikana kwa kucheza.

Lakini sikukuu za michezo zina siku ya mwisho. Mtoto aonaye siku zikiyoyoma huweza kushawishika kununua mavazi au sarafu za mchezo, kama Robux za Roblox, kwa fedha ya mzazi.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kaeni na mtoto, mtambue pamoja kipi hutolewa bure na kipi huuzwa. Namba ya siri ibaki kwenu. Mchezo upakuliwe kwa kifurushi mlichokipanga, kwani matoleo mapya hula intaneti nyingi.

Mkikatwa salio bila kuelewa sababu, mwelezeni kwanza mtoa huduma wenu. Msiporidhika, leteni lalamiko kwetu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Tunawatakia watoto likizo ya furaha isiyoacha deni nyumbani.