Umbo la Nchi na Jiolojia ya Bonde la Mto Ahr, Ujerumani: Tatizo la Kumbukumbu Fupi katika Kukadiria Mafuriko

Mada iliyowasilishwa katika semina ya walimu wa jiografia na wataalamu wa maji



Nimeombwa nizungumzie jiografia na jiolojia ya bonde la mto lenye vilima huko Ujerumani. Nimechagua Ahr, mto mdogo unaoingia Rhine kutoka magharibi. Katika bonde hili miamba, mteremko na maji huonekana wazi vikifanya kazi pamoja. Tena ni bonde walimofariki watu zaidi ya 130 usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai 2021.

1. Dhana

Kidakio, mtiririko, uwanda wa mafuriko: haya kila aliyemo ukumbini anayafahamu. Nakumbusha moja tu. Mafuriko ya miaka mia ni kiwango ambacho kila mwaka kina uwezekano wa asilimia moja kufikiwa au kupitwa. Kuja mwaka huu hakuyazuii kuja mwakani.

2. Miamba na umbo la bonde

Ahr huanzia Blankenheim, katika vilima vya Eifel, mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari. Husafiri kilomita 85 hivi na kuingia Rhine karibu na mji wa Sinzig, na kidakio chake ni kilomita za mraba 900 hivi. Sehemu kubwa imechongwa katika sleti na mawe ya mchanga ya kipindi cha Devoni, yaani matope na mchanga uliotuama baharini miaka milioni 400 hivi iliyopita, kisha ukabanwa na kukunjwa. Kuelekea chanzoni yako mawe ya chokaa. Volkeno nazo zimeacha basalti, kama ile ya Hohe Acht, mita 747, kilele kirefu kuliko vyote katika Eifel.

Katika miaka laki kadhaa iliyopita eneo hili liliinuka, nayo mito ikachimba kwenda chini bila kuacha mapindo yake ya zamani. Ndiyo maana hapo Altenahr mto unajipinda kati ya kuta za mwamba. Mizabibu imepandwa kwenye matuta ya mawe, wakati nyumba, reli na barabara zimebanana kwenye kipande kidogo cha ardhi tambarare kilichobaki. Kipande hicho ni cha mto.

Sleti hupitisha maji kidogo sana, na udongo wa miteremkoni ni mwembamba. Mvua ya Julai 2021, iliyozidi milimita 100 katika maeneo mengi, ilikuta udongo umekwisha kushiba. Vijito vikateremka pamoja na kukutana kwenye korongo jembamba, ambako maji hayana pa kupanuka isipokuwa kupanda juu.

3. Tatizo: kumbukumbu fupi

Hapa naomba Mwenyekiti anivumilie, maana ndilo jambo lililonileta.

Kituo cha kupimia kina cha maji pale Altenahr kina takwimu za tangu miaka ya 1940. Kwa takwimu hizo, mafuriko ya miaka mia yalikadiriwa kuwa mita za ujazo 241 kwa sekunde. Juni 2016 maji yalifika mita 3.71, mtiririko ukiwa 236. Kwa hesabu hiyo, watu wa bondeni walikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba wameyaona makubwa na wamesalimika. Miaka mitano baadaye kituo chenyewe kikasombwa. Alama zilizobaki zilionyesha maji yalifika karibu mita 10, na makadirio ya kilele yanafika mamia mengi ya mita za ujazo kwa sekunde, pengine 1,000.

Je, haya hayakuwahi kutokea? Yalitokea. Tarehe 21 Julai 1804, eneo hilo likiwa chini ya utawala wa Ufaransa, Ahr uliua watu 63, ukabomoa nyumba 129 na vinu 18, na kusomba karibu madaraja yote. Tarehe 13 Juni 1910 uliua tena zaidi ya watu 50, wengi wao vibarua wa ujenzi wa reli. Mbao za ujenzi zilisombwa zikaziba madaraja, maji yakapanda nyuma yake, kisha yakafumka kwa nguvu. Mwaka 2021 madaraja yaliziba vilevile, safari hii kwa miti, magari na matangi ya mafuta, na zaidi ya 60 yakaharibika.

Thomas Roggenkamp na Jürgen Herget wa Chuo Kikuu cha Bonn walikwisha kukadiria mafuriko hayo ya kale miaka kadhaa kabla ya 2021. Njia yao haina siri. Unatafuta alama za maji kwenye kuta za nyumba na maandishi ya wakati ule. Unapima upana wa bonde, mteremko na ukwaruzi wa ardhi, kisha unapiga hesabu kwa kanuni ya Manning. Walipata zaidi ya 1,000 kwa mwaka 1804 na 500 hivi kwa mwaka 1910. Namba hizo hazikuwamo katika hesabu iliyotoa 241.

Si nia ya mada hii kulaumu mamlaka ya nchi nyingine. Takwimu za kifaa zina ubora wake, na makadirio ya kale yana kosa kubwa zaidi. Lakini kosa la asilimia 20 au 30 ni dogo kuliko kosa la kulihesabu tukio kana kwamba halikuwapo. Isitoshe, mafuriko ya kawaida ya Ahr huja majira ya baridi, ilhali haya makubwa yote yamekuja Juni na Julai, kwa mvua za namna nyingine. Kuyachanganya katika mkunjo mmoja wa takwimu ni kuyafanya ya kiangazi yapotee.

Hata huku kwetu nimeupigania mjadala huu kwa miaka. Nimewahi kupeleka alama za mafuriko ya zamani na maelezo ya wazee kwenye ofisi moja ya maji. Nikajibiwa kwamba hayakupimwa kwa kifaa, hivyo hayawezi kuingizwa. Ramani ikachorwa bila hayo, na viwanja vikagawiwa kwa ramani hiyo. Nilisikitika, na bado nasikitika.

4. Mapendekezo

La kwanza, mafuriko ya kihistoria yaingizwe katika hesabu, pamoja na ukubwa wa kosa lake, badala ya kutajwa katika utangulizi wa ripoti na kusahauliwa.

La pili, kila ramani ya mafuriko ioneshe mwaka takwimu zilipoanza. Mwananchi anayenunua kiwanja ana haki ya kujua kwamba "miaka mia" yake imetokana na vipimo vya miaka 70.

Madaraja yapimwe kwa kudhani yameziba nusu, kwa kuwa ndivyo yalivyo mafuriko yanapofika. Vituo vya kupimia navyo vijengwe ili vistahimili maji vinayokusudia kupima, na kila kimoja kiwe na cha akiba juu yake mtoni. Altenahr ilizama jioni. Huko Sinzig, saa kadhaa baadaye usiku huohuo, watu 12 wenye ulemavu walizama katika makazi yao. Mto ulitoa muda wa kuwahamisha. Muda huo haukutumika.

Baada ya 1910 palikuwa na mipango ya mabwawa ya kuzuia maji katika vijito vya juu. Haikutekelezwa. Mipango ya namna hiyo ifufuliwe wakati kumbukumbu ingali hai, na iwekewe bajeti na tarehe.

Walimu wafundishe bonde kwa wanafunzi kupanda kilimani na kuonyeshwa uwanda unakoishia, na alama za maji zichongwe kwenye kuta za shule na kulindwa.

Narudia la kwanza, maana mengine yote yanalitegemea: mafuriko ya kihistoria yaingizwe katika hesabu. Naiomba semina hii ilipitishe kuwa azimio leo, kabla hatujaahirisha kikao, na lipelekwe kwa maandishi kwa wanaochora ramani za mafuriko.