Kamba Zinazoshika Moyo
(Hotuba iliyotolewa Mazinde katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya sayansi, na nikaonywa nisiwacheleweshee chakula. Nimechagua panya. Mnacheka, lakini habari zao zinawahusu hawa vijana wanaokimbia kiwanjani.

Mliokulia hapa mnaujua mkonge. Singa moja hukatika mkononi. Zikisokotwa pamoja hufunga meli. Moyo nao ni seli nyingi zilizofungwa ncha kwa ncha, na kinachozifunga ni protini. Mojawapo huitwa N-kadherini. Hutokeza nje ya utando wa seli, ikashikana na ya jirani kama watu wapeanao mikono, na bila kalsiamu haishiki. Karibu na mshiko huo ndipo unapovuka umeme unaoufanya moyo upige kwa pamoja.

Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walitangaza habari za panya waliobadilishwa jeni kwa namna ambayo N-kadherini iliweza kuondolewa moyoni baada ya mnyama kukomaa. Yaani alizaliwa mzima, akakua mzima, ndipo kamba zikakatwa. Viungio vikasambaratika. Moyo ulitanuka kiasi tu, lakini umeme ukapotea njia, na wengi wakafa katika miezi miwili, tena ghafla.

Mtu atauliza: fedha zote hizo kwa ajili ya panya? Mimi ni mtumishi wa Serikali, swali hilo nalijua sana. Jibu lilitoka Afrika. Mwaka 2017 Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na wenzake wakiwamo Waitalia, walionyesha kasoro katika jeni hiyo hiyo ndani ya ukoo mmoja wa Afrika Kusini wenye ugonjwa wa misuli ya moyo uuao vijana ghafla.

Basi mwalimu wa zamu, mwanafunzi akizimia katikati ya mbio, usimwite mvivu, wala wenzake wasiseme karogwa. Kuzimia mstarini juani mara nyingi ni jambo dogo. Kuzimia ukikimbia si dogo. Asipozinduka wala kupumua, mbonyezeni kifua katikati, kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku gari likitafutwa. Akizinduka, aache michezo mpaka apimwe umeme wa moyo na kupigwa picha ya moyo. Penye shaka, iko Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Na daktari akiuliza kama yuko ndugu aliyekufa ghafla angali kijana, wazazi waseme, hata kama nyumbani jina lake halitajwi tena. Maana kasoro hizi hurithiwa, na wadogo zake mgonjwa nao itafaa wapimwe.