Kampasi Bila Tumbaku: Tuanzie Kibandani



Madhara ya tumbaku nitayaruka. Hakuna aliyemo ukumbini humu asiyeyajua. Ninachotaka tujadili ni kwa nini marufuku za vyuo vyetu huishia kwenye kibao.

Sheria tunayo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuvuta sigara katika maeneo ya umma, na inakataza pia kuuza sigara isipokuwa kwenye pakiti yenye zisizopungua 10. Hili la pili ndilo linalovunjwa mchana kweupe, hatua chache kutoka langoni. Pita kwenye kibanda cha karibu na hosteli saa ya chai. Pakiti imekwisha funguliwa, iko kando ya biskuti. Kiberiti cha gesi kinaning'inia kwa uzi kisije kikaibwa. Mwanafunzi anatoa sarafu, anachukua moja, anawasha papo hapo, kisha anatia peremende ya mnanaa mdomoni na kurudi darasani. Pakiti hakuishika. Kwa hiyo picha za onyo zilizoanza kuchapishwa mwaka 2016 hakuziona, na ushuru unaopandishwa ili bei imtishe haukumuuma, maana sigara moja haishindi mfuko wa mwanafunzi.

Ndiyo maana naona chuo kinachoanza na bawabu na faini kimeanzia mwisho. Mvutaji akifukuzwa nyuma ya maktaba atahamia nyuma ya bweni. Akifukuzwa huko ataingia chooni, na wasiovuta watavuta moshi wake. Afadhali tukae na wenye vibanda. Riziki yao ni sisi, watatusikiliza. Vilivyo kwenye ardhi ya chuo havihitaji hata mjadala: mkataba wa upangaji useme tumbaku haiuzwi hapa, basi. Kikomo cha umri hakitatusaidia. Wenzetu wa Uganda, kwa sheria yao ya mwaka 2015, hawamruhusu muuzaji kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Kwetu ni 18, yaani karibu kila anayeripoti mwaka wa kwanza ameshafikia umri wa kuuziwa.

Kanuni za chuo zitaje tumbaku na nikotini, zisiishie kwenye moshi. Vile vifuko vidogo vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo havitoi moshi, na mtu anaweza kukaa navyo mhadhara mzima. Zitaje pia wafanyakazi. Mhadhiri anayevuta ndani ya gari lake kwenye maegesho ya chuo yumo ndani ya kampasi, hata akipandisha vioo. (Naona wengine mnacheka, mnawajua.)

Sasa zahanati. Vibandiko na chingamu za nikotini vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009. Kumkataza mtu sigara ilhali dirisha la dawa halina hata kimoja ni kumwachia mzigo peke yake. Muuguzi mmoja aliyefunzwa kushauri wanaoacha atafanya kazi kubwa kuliko mabango yote ya mwaka.

Pendekezo la mwisho ni la ratiba. Tarehe ya kuanza marufuku iwekwe mwanzoni mwa muhula, isiangukie wiki za mitihani. Anayeacha sigara siku za kwanza hukosa usingizi, hukasirika upesi na akili haitulii. Tukimwongezea karatasi ya hesabu asubuhi, jioni tutamkuta kibandani.