Njaa Waliyoipima Madaktari

Leo tunakwenda Kanada, kaskazini mwa jimbo la Manitoba, mwaka 1942. Madaktari wa serikali na wenzao wamefika Norway House na Cross Lake, kwenye makazi ya Wacree, wenyeji wa asili wa huko. Wanakuta watu wamedhoofika kwa utapiamlo. Bei ya manyoya ya wanyama, riziki yao kubwa, ilikuwa imeporomoka, na serikali ikawapunguzia msaada. Madaktari wenyewe waliandika kwamba uvivu ambao watu hawa walisingiziwa miaka yote huenda chanzo chake ni njaa.

Basi ugonjwa umejulikana. Mama yeyote angekwambia dawa yake ni chakula. Madaktari wakachukua watu 300 wenye utapiamlo, 125 wakawapa vidonge vya vitamini, waliobaki wakaachwa hivyo hivyo ili tofauti ionekane.

Na hawakuwa watu wasiojua. Mmoja wao, Frederick Tisdall, alishiriki kubuni Pablum, chakula maarufu cha watoto wachanga.

Mwaka 1947 mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu madaktari wa Hitler, ilitamka wazi: mtu asifanyiwe majaribio bila ridhaa yake. Mwaka uliofuata, Lionel Pett, mkuu wa lishe serikalini, akaanza majaribio katika shule 6 za bweni walikopelekwa watoto wa wenyeji, wengi kwa kulazimishwa. Watoto walikuwa kama 1,000. Wazazi hawakuulizwa.

Kule Port Alberni, kwenye mojawapo ya shule hizo, watoto walikuwa wakipata maziwa chini ya nusu ya kiwango ambacho serikali hiyohiyo ilikipendekeza. Wakaachwa hivyo miaka 2, ili kipatikane kipimo cha kulinganishia, ndipo wakaongezewa. Baadhi ya matibabu ya meno nayo yalisitishwa, maana hali ya ufizi ilikuwa miongoni mwa vipimo, na mtoto akitibiwa hesabu ingeharibika. Hapo ndipo roho inaponiuma, msikilizaji: huduma ya meno ipo, mtoto ananyimwa.

Majaribio yalikoma mwaka 1952. Waliosoma shule hizo walisimulia njaa yao kwa miongo mingi, na wachache waliwasikiliza. Mwaka 2013 mwanahistoria Ian Mosby alichapisha aliyoyakuta kwenye nyaraka za serikali, na nchi nzima ikashtuka. Wazee wale hawakushtushwa na njaa, waliijua. Kipya kwao kilikuwa kwamba iliachwa makusudi, ili ipimwe.